Sura ya Tisa: Machujio Mawili na Sufuria Iliyoungua

Chumba cha mahojiano cha gereza la Segerea kina meza moja iliyofungwa sakafuni kwa nati. Inspekta Kokushubila alikuwa amekaa kwenye meza hiyo tangu saa mbili asubuhi, akimtazama mtu asiyejua kudanganya akijaribu kudanganya. Ilikuwa kazi ngumu kwa wote wawili.

"Kadi yako ya mlango ulikuwa nayo wewe?" aliuliza kwa mara ya tatu.

"Nilikuwa nayo."

"Jumatano jioni yote?"

"Yote, afande."

"Na jioni hiyohiyo ulikuwa Temeke, kwenye misa ya majivu."

Gozbert aliinamia nati za meza. Alikuwa fundi wa maabara, kijana wa miaka thelathini na mmoja, mwenye vidole virefu vya mtu aliyezoea kushika vitu visivyoshikika. "Misani nilikuwepo," alisema. Hilo alilisema bila kutetereka, na Kokushubila akaliamini palepale. Lile la kadi hakuliamini hata kidogo.

Jalada, hata hivyo, lilikuwa linamkandamiza. Siku nane nyuma, asubuhi ya Alhamisi, Dakta Shelina Sultanali alifungua maabara yake kule Pugu, akakipima kipande chake cha grafini, kile alichokihangaikia miaka miwili, akakuta kimepoteza alama yake. Akapiga simu polisi akisema kimebadilishwa. Sajini Brightson alichapisha kumbukumbu za mlango na kukuta kadi ya Gozbert imefungua saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja jioni ya Jumatano, kisha tena saa moja na dakika sita. Mara ya kwanza kuchukua kilicho halisi, mara ya pili kuweka bandia. Ndivyo sajini alivyoandika. Padri wa Temeke aliulizwa, akasema alipaka majivu vipaji vya nyuso vya watu mia sita na hawezi kuapa juu ya kimoja. Na kwenye simu ya Gozbert ulikuwamo ujumbe kwa mtafiti wa ng'ambo: *Nikija nitakuja na kazi yangu.*

"Kazi gani hiyo?"

"Daftari langu, afande. Kila kipande nilichoharibu nimekiandika. Viko mia moja na kumi na nne."

Kokushubila alikaribia kucheka. Mwizi hajisifii vitu alivyoharibu. Akafunga jalada na kuuliza swali ambalo alikuwa akiliweka akiba, kwa sababu mtu aliyejiandaa kwa maswali makubwa huwa hajajiandaa kwa madogo. "Jumatano hiyo ulikula nini?"

"Sikula. Tulikuwa tumefunga." Uso wake ulilegea kidogo. "Mama Kulsum, mama yake Dakta, aliniletea pilau. Alisema ni asante, maana kipande kilikuwa kimekubali. Pilau ya nyama, afande, Jumatano ya Majivu. Nami ningemwambiaje? Mama mzima kasimama jikoni na saumu yake kwa ajili yangu. Nilipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru."

"Halafu pilau ikaenda wapi?"

Gozbert akarudi kwenye nati zake. "Iliharibika."

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Anajua niko Dodoma kwenye mafunzo. Alipasuliwa mwezi wa kumi na mbili, sitaki apate mshtuko. Kama si mtu mmoja kumchangia damu, chupa mbili, tusingekuwa naye leo."

"Mtu gani?"

"Mtu mwema tu," alisema Gozbert, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu.

Nje, Brightson alikuwa ameegesha gari kivulini. Alikuwa kijana mchapakazi, mwepesi wa kukamata na mzito wa kuachia. "Afande, kesi inatajwa saa nane leo. Tukienda mikono mitupu anarudi ndani siku kumi na nne nyingine," alisema. "Na tukienda na maneno ya kumtetea, watasema umembeba kwa sababu ni wa kwenu, Bukoba."

"Waseme. Twende Pugu."

Maabara ya Dakta Shelina ilikuwa zamani godauni la mafuta ya nazi la marehemu baba yake. Sakafu ilimwagwa nene ili ibebe mapipa, na unene huo ndio uliomfanya Shelina aikatalie familia isiuze: lori likipita barabarani, ndani hakitikisiki kitu. Getini alikaa mzee Kondo, mlinzi wa zamu ya jioni, Mzaramo wa miaka hamsini na tisa. Zamu yake ilianza saa tisa, lakini saa nne hii ya asubuhi alikuwa tayari yupo, kakaa kwenye kibanda chake na kofia mkononi.

"Shikamoo mzee. Mbona mapema?"

"Marahaba, afande. Nyumbani hakukaliki." Ukutani mwa kibanda alikuwa amebandika ratiba ya Ramadhani, zile zinazogawiwa na maduka, na Kokushubila aliisoma kama anavyosoma kila kitu kilichobandikwa ukutani, kwa mazoea tu. Kisha akaingia.

Shelina alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na ushei ambaye siku tisa zilikuwa zimemwongezea miaka kumi. Mama yake, Kulsumbai, alikaa ofisini na tasbihi yake, na mara tu alipowaona polisi akaanza kutayarisha chai.

"Mama, sie tumefunga," Shelina alimkumbusha.

"Mgeni hajafunga."

"Mie Mlutheri, mama, shikamoo," alisema Kokushubila. "Chai nitakunywa na nitashukuru."

"Marahaba, mwanangu. Umeona sasa?" Kulsumbai alimwambia bintiye.

Kokushubila alikunywa nusu kikombe, akakiweka chini. "Dakta, nimesoma maelezo yako mara nne. Nataka unieleze kama unavyomweleza mtu wa sokoni. Hicho kipande ni nini, na ulijuaje kwamba si chenyewe?"

Shelina alitafuta kwa macho, akayaokota machujio mawili ya chai ya mama yake, yale ya plastiki yenye wavu. "Ncha ya penseli ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja peke yake ndiyo grafini. Ni wavu kama huu, wenye matundu madogo kupita maelezo." Akalaza chujio moja juu ya jingine na kuyainua kwenye mwanga wa dirisha. "Yakilala sawasawa, unaona wavu tu. Sasa angalia." Akalizungusha la juu, kidogo sana. Kwenye wavu yakatokea mawimbi makubwa, madoa meusi na meupe yaliyojipanga, ambayo hayakuwemo kwenye chujio lolote kati ya yale mawili.

"Hayo yametoka wapi?" Brightson aliuliza.

"Kwenye kuzungusha tu. Hakuna kilichoongezwa. Na elektroni, zile chembe zinazobeba umeme, zinayaona madoa hayo. Kwenye tabaka za kawaida zinakimbia, kila moja na safari yake. Ukizungusha kwa digrii moja na nukta moja, si mbili, si nusu, zinapunguza mwendo mpaka zinaanza kusikilizana. Ukikipoza kipande hicho kwa baridi kali mno, umeme unapita bila kuzuiwa na kitu." Sauti yake ilipanda, kisha akaiteremsha. "Kilikuwa kisafirishwe Jumatatu kwenda kupimwa kwenye baridi hiyo. Jumatano saa nane mchana nilikipapasa kwa hadubini ya sindano, madoa yapo. Alhamisi asubuhi hayapo. Wavu mtupu."

"Kwa hiyo ukasema kimebadilishwa."

"Niliona madoa hayapo, kisha nikaambiwa kuhusu ile kadi. Ningesema nini tena?"

Kokushubila alichukua machujio, akayazungusha, akayarudisha. Madoa yalikuja na kuondoka. Aliyazungusha mara kadhaa, na Brightson, aliyemzoea, akatoa kalamu.

"Hizo tabaka mbili mnazitoa wapi? Kila moja kivyake?"

"Hapana. Tunachukua karatasi moja ya grafini, tunaichana katikati. Nusu moja tunaiinua, tunaizungusha, tunailaza juu ya mwenzake. Ndiyo namna pekee ya kuijua pembe. Gozbert ndiye mwenye mkono huo. Mie mwenyewe siwezi."

"Ikichanwa, mpasuko unanyooka?"

"Haunyooki kamwe. Unakwenda unavyotaka."

"Kama hati iliyochanwa vipande viwili, ya juu na ya chini zina meno yaleyale."

"Ndiyo."

"Basi niwekee picha ya Jumatano na ya Alhamisi pamoja. Usinionyeshe madoa. Nionyeshe kingo."

Shelina aliketi mbele ya kompyuta. Picha mbili zilisimama ubavu kwa ubavu. Kwenye ile ya Jumatano, ukingo wa tabaka ya juu ulikuwa na pengo mfano wa jino lililong'oka, na mbele yake kipembe kilichoelekea kushoto. Kwenye ile ya Alhamisi kulikuwa na pengo lilelile na kipembe kilekile. Shelina alisogeza kiti. Akapima urefu wa pengo mara mbili, na mara zote mbili namba zikafanana.

"Anayetengeneza bandia angeweza kuchana karatasi nyingine ikatoka hivi?" Kokushubila aliuliza.

"Haiwezekani," Shelina alijibu polepole. "Hiki ni kipande changu."

"Hakuna aliyekichukua."

"Hakuna aliyekichukua." Alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Niliona kadi, nikaacha kuangalia kipande. Mtu kalala Segerea siku zote hizi, na jibu liko kwenye picha zangu mwenyewe."

"Tusikimbilie kulia, Dakta, saa tano hii. Kama ndicho chenyewe, madoa yamekwenda wapi?"

Shelina alichora mstari juu ya kila ukingo na kuiachia kompyuta isome pembe. Jumatano: digrii moja na nukta moja. Alhamisi: karibu na sifuri. "Tabaka ya juu imegeuka," alisema. "Imejinyoosha yenyewe. Hizi tabaka hazipendi kukaa zimepindana, afande. Zina mkao wao wa kupumzika, na sisi tunazilazimisha. Ukizipa joto kubwa zinateleza na kurudi kwenye mkao wao."

"Joto kiasi gani?"

"Mia tatu, mia tatu na hamsini, kwa muda. Lakini humu hatukipashi moto hivyo. Kinakaa juu ya jiko hili kwa nyuzijoto hamsini tu, chini ya kifuniko cha kioo, ili unyevu usikiingie."

Jiko lenyewe lilikuwa sahani bapa ya umeme, pana kama daftari, na tangu siku ya tukio lilikuwa limezungushiwa utepe wa polisi. Kipande kilikuwa pembeni, kidogo kama punje ya dengu, chini ya kioo chake. Kokushubila aliinama. Kioo kilikuwa na ukungu. Alikipitisha kidole kwa nje, akakisugua kidole na mwenzake, na kikateleza. Mafuta. Upande wa pili wa sahani, ulio wazi, palikuwa na duara la kahawia lililokaukia. Alilikwangua kwa ukucha na kulinusa. Binzari nyembamba, na karafuu.

"Sajini, kwenye orodha yako ya vielelezo duara hili lipo?"

"Nilijua ni uchafu wa kikazi, afande," alisema Brightson, na masikio yakamwiva.

Kokushubila hakumsimanga. Alirudi ofisini, akaketi karibu na Kulsumbai. "Mama, ile pilau ya Jumatano uliileta kwenye chombo gani?"

"Sufuria yangu ndogo ya alumini. Nilileta saa tisa, nikasema Gozbert atakula akitaka, jioni." Mama mzee alikunja uso. "Ilirudi Alhamisi, imeoshwa safi. Lakini chini imeungua, nyeusi yote. Nikashangaa. Pilau yangu mie haishikagi."

"Nani aliirudisha?"

"Kondo."

Brightson aliandika. Kokushubila alimwomba amsomee tena saa za mlango, ingawa alizijua kwa kichwa. Kumi na mbili na dakika arobaini na moja. Saa moja na dakika sita. "Jumatano ile," alisema, "ratiba ya kibandani inaonyesha magharibi imeingia saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba. Mlango umefunguliwa dakika nne baadaye. Sasa mama, nyie Jumatano mlifuturu saa ngapi?"

"Sie Mashia tunasubiri wekundu wa mashariki uondoke. Robo saa baada ya hao wengine, karibu. Na Shelina alikuwa nyumbani na mie, ananimenyea papai."

"Basi. Mtu kafungua saumu kwa tende getini. Kaingia, kaweka chakula jikoni, kageuza kitufe mpaka mwisho ili kipate moto upesi. Katoka kwenda kutawadha na kusali. Kasali bila haraka, dakika ishirini na tano, karudi." Alisimama. "Mwizi gani, sajini, anakuja kuiba kwa adhana?"

Kondo aliitwa. Aliingia na kofia yake mkononi, akaiona sufuria ambayo Kulsumbai alikuwa ameitoa kabatini na kuiweka mezani kifudifudi. Kokushubila alimvutia kiti.

"Mzee Kondo, nina swali moja. Sitaki kukufukuzisha kazi."

"Niulize, afande. Siku tisa simezi mate."

"Jumatano ulipasha futari wapi?"

"Humu ndani." Alisema hivyo moja kwa moja, kama mtu anayetua mzigo. "Gozbert aliniambia, mzee, leo mie sili nyama, na hii ya Mama Kulsum haifai kulala. Kadi hii, ichukue kwenye friji, ufuturu. Kuingia ndani sie walinzi ni kosa, na kuazima kadi ni kosa, tulisaini wote. Nikaona kuna jiko, nikaweka. Niliporudi kutoka kusali nikakuta inanukia kuungua, nikakirudisha kitufe kwenye alama yake. Kile cha kioo sikukigusa, wallahi. Asubuhi nilipokuja kuirudisha sufuria nikampa kadi yake. Saa moja baadaye wakamkamata."

"Na hukusema."

"Nilikwenda Segerea Jumapili, nikampelekea sabuni. Akaniambia, mzee kaa kimya, una miezi minane ustaafu; hawakuibiwa na wewe wala na mie, itajulikana. Mie nikaogopa, afande. Nikajiambia jiko na wizi vina uhusiano gani." Alimgeukia Shelina. "Vina uhusiano?"

Shelina alipiga magoti mbele ya kiti cha mzee yule, akayachukua yale machujio na kumwonyesha. Alimweleza yote, polepole, mpaka joto na mpaka tabaka kurudi mahali pake. Kondo alitazama madoa yakipotea kwenye wavu. Kisha akalia waziwazi, kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Chupa mbili za damu," Kokushubila alisema alipotulia. "Zilikuwa zako?"

"Mama yake alikuwa anakata roho. Ningeziweka za nini?"

Maelezo ya Kondo yalijaa kurasa tatu, naye akasaini kila moja. Shelina aliandika ripoti ya kurasa mbili na kuambatisha picha za kingo. Brightson aliendesha kama anakimbiza mgonjwa, na walipofika mahakamani ilikuwa saa nane kasoro dakika sita. Mwendesha mashtaka alisoma kwa kusimama. Alifika kwenye picha, akarudi mwanzo, akauliza maswali mawili ambayo Brightson aliyajibu mwenyewe, bila kuficha lile duara alilolipuuza. Saa nane na nusu shauri liliondolewa. Hakimu alimwambia Gozbert kwamba yuko huru, na Gozbert akauliza kama anaruhusiwa kusema asante mahakamani. Akaruhusiwa.

Nje, chini ya ngazi, watu wote walitaka kuzungumza. Shelina ndiye aliyeanza. "Nilikusingizia," alisema. "Nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Kipande kingine tutakitengeneza. Hata hiki si bure, tunazo picha zake kabla na baada ya joto. Lakini wewe sina mwingine, na nilikuwa tayari kukupoteza kwa karatasi ya mlango."

"Kiandikwe namba mia moja na kumi na tano, Dakta," alisema Gozbert. "Na kadi niliazima kweli. Kosa hilo ni langu."

"Kosa hilo nitalisoma mwaka ujao, mzee Kondo akishastaafu."

Brightson alisogea, akavua kofia, akampa mkono. Gozbert aliushika kwa mikono yake yote miwili. Kokushubila alisimama nyuma yao, na alishukuru, alishukuru hasa, kwamba kuna siku kazi hii inamalizika kwa kufungua mlango. Huwa hazizidi mbili kwa mwaka.

Kondo alikuwa amebaki mbali, karibu na ukuta. Gozbert alimfuata. Walitazamana, kijana mwenye shati la siku tisa na mzee mwenye kofia iliyokunjwakunjwa.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

"Mama yangu yuko hai. Nikusamehe nini?" Kisha akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti ya chini, "Ukoko ulikuwaje?"

Kondo alifuta macho. "Mtamu. Sitakudanganya."

Kulsumbai alikuja nyuma yao na sufuria kubwa iliyofungwa kwa kitambaa. "Leo Ijumaa, na safari hii nimeuliza kwanza," alisema. "Ni wali na samaki. Gozbert, kula mwanangu, umekonda."

Gozbert aliipokea kwa mikono miwili. Harufu ya nazi ilimfanya ameze mate, maana tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni. Aliiangalia sufuria, akamwangalia mzee Kondo ambaye alikuwa na saa nne mbele yake kabla ya adhana.

"Nitamsubiri mzee," alisema. "Tutafuturu wote kibandani."

"Kitakuwa kimepoa," alisema Kulsumbai.

"Mama," alisema Gozbert, "tutakila hivyohivyo, kimepoa."